Kazi Tatu za Majirani

Katika mkoa wetu wa Mara kuna hospitali, kuna vituo vya polisi, na kuna maofisa wa ustawi wa jamii. Watu hao wamesomea kazi zao, nao hulipwa mshahara ili wazifanye. Lakini fikirini kidogo. Mtoto akishikwa na kuhara usiku wa manane katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu, daktari yuko Musoma au Bunda, naye huenda amelala. Mwizi akivunja zizi la ng'ombe alfajiri, askari yuko kituoni, wala hana habari. Mzee asiye na mwana akikosa chakula siku mbili, ofisa wa ustawi hana jicho la kumwona toka ofisini kwake. Aliye karibu ni nani? Ni jirani wa nyumba ya pili. Ndiyo maana wahenga walisema ya kuwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.

Basi katika somo hili tutajifunza kazi za majirani ni zipi, na mpaka wake ni upi. Twauliza habari ya mpaka kwa sababu jirani asiyefanya neno lo lote ni mbaya, na jirani afanyaye neno asilolijua aweza kuwa mbaya zaidi.

Kazi zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kuona mapema, yaani kutambua shida ingali ndogo. Ya pili ni kukabidhi upesi, yaani kumfikisha mwenye shida kwa mtu mwenye ujuzi au mwenye mamlaka. Ya tatu ni kupokea, yaani kumrudisha mtu katika ujirani shida yake ikiisha. Tutaziangalia kazi hizi kwa mgonjwa, kwa mwizi, na kwa mtu mnyonge. Lakini kwanza na tujue kwa nini nyumba moja peke yake haitoshi.

1. Nyumba moja haitoshi

Mji wa Musoma umejengwa juu ya rasi iliyoingia katika Ziwa Viktoria. Watu wake, na watu wa vijiji vya pwani ya ziwa hata Bunda, huvua samaki, huchota maji, hufua nguo na kuoga ziwani. Ziwa hili latupa chakula. Lakini pia latupa ugonjwa wa kichocho, na ugonjwa huu watufundisha vizuri maana ya ujirani.

Mtu mwenye kichocho cha tumbo ana minyoo midogo katika mishipa ya damu iliyo karibu na matumbo yake. Minyoo hiyo hutaga mayai, na mayai hutoka pamoja na choo kikubwa. Mtu akienda haja vichakani karibu na maji, mvua huyachukua mayai hata ziwani. Humo huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika miili ya konokono wadogo wa majini. Ndani ya konokono huongezeka sana, kisha hutoka na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Mtu akisimama majini, huingia ngozini mwake kwa dakika chache, wala haoni jeraha. Miaka ikipita, ini lake na wengu wake huvimba, na mwisho aweza kutapika damu.

Dawa iko. Yaitwa prazikwanteli, nanyi mmepata kuinywa hapa shuleni. Lakini mtoto aliyenywa dawa leo, kesho akirudi katika mwalo ule ule wenye konokono wale wale, huambukizwa tena. Tuseme baba mmoja amechimba choo kizuri, na watu wa nyumba kumi zinazomzunguka hawana vyoo. Je, watoto wake wamepona? La, hawakupona, kwa maana huoga katika maji ya kijiji kizima. Choo cha mtu mmoja chamlinda kidogo tu; vyoo vya kijiji kizima vyawalinda wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili lilifahamika tangu mwanzo wa uhuru. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alipokuwa kiongozi wa nchi aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1973 serikali yake ilianzisha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza mafundisho katika redio, wakasoma kijitabu pamoja na kiongozi wao, kisha wakajadiliana: Je, katika kijiji chetu malaria yatoka wapi? Kichocho chatoka wapi? Tutafanya nini? Watu wapatao milioni 2 katika nchi nzima waliingia katika vikundi hivyo, na vyoo vingi mno vilichimbwa.

Angalieni siri ya kazi ile. Kila kikundi kilisikiliza, kikaulizana, kikakubaliana, ndipo kikashika jembe. Mtu aliyechimba choo kwa kuwa amekubaliana na wenzake hukitumia. Aliyechimba kwa kuogopa faini aghalabu hukiacha kikaingia majani.

2. Mgonjwa

Sasa na tuziangalie kazi tatu kwa mgonjwa.

Kazi ya kwanza, kuona mapema. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 ugonjwa wa kipindupindu ulianza Dar es Salaam, ukaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji ya mwilini. Mgonjwa huharisha na kutapika mfululizo, macho hudidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, na kama hakusaidiwa aweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Basi aliye karibu naye asingoje asubuhi. Na aanze mara moja kumnywesha maji ya chumvi na sukari. Kipimo chake ni hiki: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kitambo, kisha umnyweshe tena. Na mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa la mama yake.

Kazi ya pili, kukabidhi upesi. Maji yale hayaponyi kipindupindu. Humshika tu mgonjwa asife njiani. Huku akinyweshwa, na apelekwe zahanati. Matibabu ya nchi yetu yamepangwa kama ngazi. Kidato cha kwanza ni zahanati ya kijiji; cha pili ni kituo cha afya cha kata; cha tatu ni hospitali ya wilaya; cha nne ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu iko Musoma; na juu yake iko hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita 200. Kila kidato kina mtu mwenye ujuzi kuliko wa chini yake. Lakini hakuna mgonjwa awezaye kupanda ngazi hiyo asiponyanyuliwa kutoka chini, na aliye chini ni jirani.

Tuangalie pia habari ya mama anayejifungua. Zamani mkunga wa kijiji alikuwa mtu wa heshima kubwa, na heshima hiyo alistahili, kwa maana hapakuwa na mwingine. Lakini mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, aweza kufa katika muda wa saa 2. Mikono ya mkunga, hata ikiwa mizuri namna gani, haiwezi kumrudishia damu. Kwa hiyo mkunga mwema wa siku hizi ni yule amwambiaye mama mapema, “Binti yangu, twende zahanati, nami nitakusindikiza.” Siku hizi kuna mpango uitwao m-mama: mtu hupiga simu ya bure namba 115, na kama gari la wagonjwa liko mbali, huitwa dereva aliye jirani ambaye amekwisha kuandikishwa kwa kazi hiyo, awachukue mama au mtoto mchanga hata hospitali. Tena damu ya kumwokoa mama haitoki dukani. Hutoka katika mikono ya watu waliokwenda kuitoa kabla hawajamjua atakayeipata.

Hata nyumba ya zahanati yenyewe, mara nyingi, ni kazi ya majirani. Katika vijiji vya Musoma watu wamesomba mawe, mchanga na maji, wakachanga fedha, wakainua kuta. Kisha serikali ikaleta bati, dawa na mganga. Na zahanati ikiisha kufunguliwa, huwa na kamati yake ambayo ndani yake wamo wanakijiji, ili waulize dawa zimefika au hazikufika, na zimetumikaje. Yafaa wazazi wenu waijue kamati hiyo. Aliyebeba mawe ana haki ya kuuliza habari ya dawa.

Kazi ya tatu, kupokea. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, kaskazini ya Musoma, mwaka 1934, na hospitali yao ikajulikana kwa kuwatunza wakoma. Zamani mtu mwenye ukoma alifukuzwa katika mji wake, akakaa peke yake kama mnyama wa porini. Leo ukoma hupona kabisa kwa dawa, na mtu akiisha kuanza dawa haambukizi tena. Lakini fahamuni jambo moja: daktari aweza kuua vijidudu vya ukoma, walakini hawezi kumpa mtu nafasi yake katika mkeka wa chakula. Hilo ni kazi ya majirani peke yao. Hali kadhalika kwa mwenye kifua kikuu, na kwa aishiye na virusi vya UKIMWI. Hospitali humponya au humtunza. Ujirani humfanya kuwa mtu tena.

3. Mwizi

Katika Mara, ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya mji. Kwa hiyo wizi wa ng'ombe umeleta vilio vingi. Wazee walikuwa na desturi ya kufuata nyayo. Ng'ombe wakiibwa, yowe hupigwa, na kila aliyelisikia alipaswa kutoka. Watu walifuata kwato juu ya udongo. Nyayo zikiingia katika nchi ya kijiji kingine, watu wa kijiji hicho walipaswa kuzipokea na kuendelea nazo, au kuonyesha mahali zilipotokea tena. Kijiji kilichokataa kilijitia mashakani. Mnaona ya kuwa hapo pia pana kuona mapema na kukabidhi upesi.

Baada ya vita vya Uganda vya miaka ya 1978 na 1979 bunduki zilienea mikononi mwa wezi, na wizi ukazidi. Katika mwaka 1981 na 1982, huko Unyamwezi na Usukuma, watu walianzisha jeshi lao la vijijini, wakaliita Sungusungu. Jina hili ni la wale siafu weusi wakubwa, ambao mmoja humdharau, lakini wakija wengi kila mtu hukimbia. Jambo hili likaenea hata Mara. Wakurya waliliunga na baraza lao la kale liitwalo iritongo, ambapo watu wa nchi hukutana wazi, kila mtu akaweza kusema, na mtu aliyejulikana kuwa mwizi hutajwa mbele ya wote. Mwaka 1989 sheria ilibadilishwa ili walinzi wa namna hii watambuliwe. Ng'ombe wengi walirudi kwa wenyewe, na wasafiri wakaweza kulala njiani.

Lakini hatuwezi kusifu tu. Katika sehemu mbalimbali za nchi, walinzi wengine waliwapiga watu ili wakiri, na wengine waliwaandama vikongwe kwa kuwaita wachawi. Pande za ziwa letu wako vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Nani asiyejua ya kuwa bibi aliyepika miaka 50 katika jiko la kuni, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu kwa moshi? Wale waliomwua walikuwa wengi, walikuwa wamekubaliana, tena walijidhania kuwa wanalinda kijiji. Jifunzeni basi ya kuwa wingi wa watu si ushahidi. Watu mia wakikosa pamoja, kosa halipungui, huzidi.

Ndiyo maana sheria yetu imeweka mpaka. Raia yeyote aweza kumkamata mtu amwonaye akitenda kosa kubwa mbele yake. Lakini akiisha kumkamata, sheria yamwagiza amtie mikononi mwa polisi pasipo kukawia. Hakupewa ruhusa ya kumpiga, wala kumchoma moto, wala kumhukumu. Na Katiba yetu yasema ya kuwa mtu asihesabiwe kuwa mkosaji mpaka kosa lake lithibitishwe.

Huenda mmoja wenu atauliza, “Mwalimu, je, polisi wakimwachilia mwizi, akarudi kijijini akitucheka?” Swali hili ni la kweli, na watu wazima huliuliza kila siku. Jibu lake ni hili. Mahakama huhitaji ushahidi. Mara nyingi mshitakiwa huachiliwa kwa sababu wale waliopiga kelele kwa nguvu sokoni, siku ya kesi hakuna hata mmoja aliyekwenda kusema aliyoyaona. Kumkamata mtu ni kazi ya dakika kumi; kutoa ushahidi ni kazi ya siku nyingi, yenye nauli na kungoja. Jirani mwema hufanya zote mbili. Na kama askari amepokea hongo, hilo nalo ni kosa, nalo lina mahali pa kushitakiwa. Tena tufikiri upande wa pili. Tuseme watu wamemshika kijana sokoni Bunda, wakampiga hata akafa, na jioni simu iliyodhaniwa kuibwa ikaonekana chini ya meza ya mwenyewe. Mahakama ikikosea, yako mahakama ya rufaa. Aliyeuawa sokoni atakata rufaa wapi?

Siku hizi polisi huweka mkaguzi wa polisi katika kata, ili ajulikane na watu naye awajue. Mpango huu huitwa polisi jamii, na ulinzi wa zamu wa wanakijiji huitwa ulinzi shirikishi. Maana yake ni ile ile: jirani awe jicho na sikio, askari awe mkono wa sheria.

Na kazi ya tatu? Hata mwizi hupokelewa. Mtu aliyemaliza kifungo chake amekwisha kulipa deni lake. Akirudi kijijini, asipopewa kazi wala salamu, atakwenda wapi ila kwa wezi wenzake? Kumpokea, huku tukimwangalia, ni ulinzi pia.

4. Mtu mnyonge

Wanyonge ni yatima, wazee wasio na watoto, vilema, na wote walioonewa. Hapa ujirani una desturi nyingi nzuri. Mtu akifiwa, watu huacha mashamba yao, huchimba kaburi, huleta unga, kuni na maji. Katika miji ya Musoma na Bunda viko vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo kila mwanachama hutoa fedha kidogo ili siku ya msiba asiaibike mtu. Tena mpango wa serikali uitwao TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, huwapa fedha watu wa nyumba maskini. Na majina ya watu hao hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji, kwa kuwa majirani ndio wajuao nani hulala na njaa. Hapa ukweli ni wa lazima. Mkutano ukiwataja wajomba wa wakubwa na kumwacha mjane, umeiba chakula chake mbele ya watu wote.

Lakini liko jambo moja gumu, nami sitalificha, kwa maana lawahusu baadhi ya dada zenu. Katika makabila kadhaa ya Mara iko desturi ya kuwakeketa wasichana, na msimu wake aghalabu ni mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Desturi hii huleta maumivu makali, kutokwa na damu, na taabu wakati wa kuzaa; wako wasichana waliokufa kwayo. Tangu mwaka 1998 sheria yakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15.

Sasa tazameni ugumu wenyewe. Katika habari ya mwizi, kijiji kizima kilikuwa upande mmoja. Hapa, mara nyingine, kijiji ndicho kimekubaliana juu ya jambo baya: baba amekubali, shangazi amekubali, majirani wameandaa ngoma. Msichana atamwambia nani?

Jibu ni hili: hata kama kijiji kizima kimekubaliana, mtu mmoja aliyekataa yatosha kuwa jirani. Katika Mara mtu huyo mmoja amekuwa mara mwalimu, mara mchungaji au padre, mara nyanya aliyechoka kuona damu, mara mwanafunzi aliyempa mwenzake habari ya mahali pa kukimbilia. Na mahali papo. Ziko nyumba salama Masanga katika Tarime, Mugumu katika Serengeti, na pia katika wilaya ya Butiama, ambazo huwapokea wasichana waliokimbia, huwalisha na kuwaendeleza katika masomo. Polisi nao wana dawati la jinsia na watoto, ambapo mtoto husikilizwa faraghani. Mtoto aweza pia kupiga simu ya bure namba 116, akiwa mahali popote katika nchi.

Hizo ndizo kazi ya kwanza na ya pili. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Msichana hawezi kukaa katika nyumba salama maisha yake yote. Anao wazazi, naye awapenda. Kwa hiyo wazazi huitwa, husemeshwa kwa upole, huonyeshwa sheria, na wengi huahidi mbele ya mashahidi ya kuwa mtoto wao hatakeketwa. Ndipo hurudi nyumbani. Siku ile arudipo, kila kitu chategemea majirani. Wakimcheka na kumwita mtoto, wamevunja kazi yote. Wakimsalimu kama walivyomsalimu zamani, wameimaliza.

5. Je, serikali ikae tu?

Mtu asije akadhani ya kuwa, kwa kuwa majirani wana kazi, serikali haina kazi. Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa magharibi, uko mji wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba mwaka 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na kiwanja chake, nayo ilikuwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao. Hakuna aliyewatuma, wala hakuna aliyewaahidi malipo. Watu 24 walipona, na watu 19 walikufa.

Habari hii yafundisha mambo mawili pamoja. La kwanza, pasipo wale wavuvi, vilio vingezidi. La pili, moyo hautoshi bila vyombo. Mvuvi ana kasia na kamba. Hana chombo cha kukatia bati la ndege, wala hewa ya kupumulia chini ya maji. Kwa hiyo wajibu wa serikali ni kufika upesi na vyombo, na tena kuwafundisha majirani kabla ya siku ya ajali. Serikali imwachiayo jirani kazi yote imemtupia mzigo. Na jirani aiachiaye serikali kazi yote amemtupa mwenzake.

6. Wewe utafanya nini?

Mwanafunzi wa darasa la juu si mtoto mchanga. Waweza kujua njia ya kwenda zahanati usiku. Waweza kukariri kipimo cha maji ya chumvi na sukari, ukamfundisha mama yako. Waweza kukumbuka namba tatu: 112 ya polisi, 115 ya mama mjamzito na mtoto mchanga, 116 ya mtoto aliye hatarini. Waweza kukataa kuokota jiwe watu wanapompiga mtu, hata kama rafiki zako wote wameokota. Waweza kumsalimu yule ambaye wengine hawamsalimu.

Mnakumbuka mfano wa Bwana Yesu wa Msamaria Mwema. Yule Msamaria alimwona mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, naye hakupita kando. Alimfunga jeraha zake kwa vitu alivyokuwa navyo. Kisha hakujifanya mganga. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akalipa gharama. Wala hakusema, “Kazi yangu imekwisha”. Aliahidi kupita tena arudipo. Alimwona, alimkabidhi, na hakumsahau. Wala hawakuwa wa kabila moja.

Maswali

1. Kwa nini choo cha nyumba moja hakitoshi kuzuia kichocho katika kijiji cha pwani ya ziwa?
2. Taja kipimo cha maji ya chumvi na sukari. Kwa nini mgonjwa apelekwe zahanati hata kama amenyweshwa maji hayo?
3. Sheria yampa raia ruhusa ya kufanya nini akimwona mtu akitenda kosa kubwa? Mpaka wa ruhusa hiyo ni upi?
4. Eleza maana ya maneno haya: “Wingi wa watu si ushahidi.”
5. Kwa nini kumpokea msichana arudipo nyumbani ni kazi ngumu kuliko kumficha?
6. Waulize wazee wawili wa kijiji chenu jinsi majirani walivyosaidiana zamani katika ugonjwa, wizi au msiba. Andika habari hiyo kwa mistari 15, ukionyesha ni ipi kati ya zile kazi tatu iliyofanywa vizuri, na ipi iliyosahauliwa.